Rangi Ambayo Mteuzi Hakuitaja

Mtaani kwetu Gongoni tulimwita Mteuzi, na sidhani kama watoto wa siku hizi wanajua kwamba hilo ni jina la kazi. Mteuzi wa tumbaku ni yule bwana anayesimama ghalani siku ya soko. Robota la majani linafunguliwa mbele yake, anachomoa jani, analinyoosha, analitazama rangi, analinusa, anataja daraja, na mkulima aliyehangaika msimu mzima anarudi nyumbani na alichotajiwa. Kazi hiyo aliifanya miaka na miaka, Urambo huko, Sikonge, Kaliua, mpaka akastaafu na kujenga nyumba mkabala na baraza ninaposhonea nguo. Tumbaku ilipomtoka mikononi akahamia kwa binadamu.

Maana kila kitu kwake kilikuwa na daraja. Harusini alionja pilau kwa ncha za vidole, akafumba macho, kisha akatamka mbele ya mama wa bibi harusi kwamba mchele ni daraja la kwanza ila mpishi ni la tatu. Hotuba ya Ijumaa aliishusha kwa sababu imamu alikohoa katikati. Mvua aliiteua, umeme aliuteua, hata vilio vya msibani alivipanga, nani amelia kwa uchungu na nani amelia kwa kuonekana. Nikimwamkia shikamoo asubuhi alinyamaza kwanza, kana kwamba salamu yenyewe inahitaji kupelekwa kwenye mwanga, ndipo aitikie: "Marahaba, Mama Kulwa. Ila ya leo imelegea."

Mimi ni fundi cherehani, mama wa pacha, na sina muda wa kupimiwa salamu. Lakini mkabala ni mkabala. Ukikaa barazani kwako ukashona kutwa, na mwenzako akakaa barazani kwake akavuta sigara kutwa, mtajuana mpaka mchoke.

Nisijifanye mtu mwema: sikumpenda, na kisa changu naye ni cha zamani kuliko nyumba yake. Baba yangu alilima tumbaku Ipole. Nilikuwa msichana mdogo siku nilipofuatana naye sokoni, na Mteuzi akiwa bado kijana wa suruali ya kaki na kalamu sikioni. Robota letu lilipofika mbele yake hakulitazama hata juu, pale tulipopanga majani mazuri. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, katikati ya robota, akachomoa jani lenye ukungu, akaliinua watu wote walione. "Huyu alikuwa amelala humu," akasema. "Tumwamshe?" Ghala zima likacheka. Robota lote likakataliwa. Baba alikuwa ameficha, ndiyo, na kila mkulima wa Ipole alificha, ndivyo soko lilivyokuwa. Sikumchukia kwa kuligundua lile jani. Nilimchukia kwa ile "tumwamshe".

Na rushwa hakula, hilo niliseme maana ni kweli, na ndilo lililowaudhi wakulima kupita yote. Mla rushwa angalau unajua pa kumshika. Mzee mmoja wa Ulyankulu, katika wale wenye asili ya Burundi, alimpelekea beberu usiku wa kuamkia soko. Asubuhi Mteuzi alimrudisha beberu mwenyewe, amemshika kamba, mbele ya kadamnasi, na akamteua: kwato nzuri, mgongo dhaifu, daraja la nne. Watu wanaisimulia mpaka leo kama sifa yake. Mimi nikiisikia namfikiria yule mzee, jinsi alivyotembea na beberu wake kurudi kwake akipishana na watu wanaokuja sokoni.

Wageni kutoka Dar walipofika mtaani, Mteuzi ndiye aliyewachukua mpaka Kwihara kuwaonesha ilikopita njia ya zamani ya misafara. Alieleza habari za wapagazi na pembe zao kana kwamba yeye ndiye aliyewatwika mizigo. "Mji huu ulikuwa unateua pembe za ndovu," aliwaambia. "Siku hizi unateua nini? Bando." Wageni walimpiga picha. Alirudi amevimba kichwa, akakaa kwenye kiti chake, akawasha sigara.

Sigara zile. Alivuta tangu ujana, nyingi, moja ikizimika anaiwashia nyingine, na alikuwa na hoja yake ambayo aliiona haina jibu. "Nitateuaje nisichokionja?" Kustaafu alistaafu, kuonja hakukukoma. Mkewe, Mama Sada, mwanamke mpole niliyempenda kama dada, alikohoa kwa moshi ule miaka yote ya ndoa yao, na huruma kubwa ambayo mumewe aliwahi kumwonea ilikuwa kusogeza kiti kidogo. Kidogo tu, mguu mmoja wa kiti ubaki kwenye kivuli.

Madaktari aliwadharau. Alisema wanaangalia karatasi, yeye anaangalia jani lenyewe. Alipoambiwa ana presha alimeza vidonge siku ambazo kichwa kilimuuma, siku nyingine akavitia mtoto wa meza, kwa sababu presha, alisema, haina rangi wala harufu, na kitu kisicho na rangi wala harufu hawezi kukiamini. Mgongo ulipomuuma alinunua vidonge vya maumivu duka la dawa, akavitafuna kama karanga, mwaka hadi mwaka. Vile aliviamini kwa sababu vilikuwa na ladha chungu. Daktari akamwambia figo zinachoka. Akaagiza asali ya Ipole na unga wa mlonge. Daktari akamwambia figo zimechoka sana. Akaongeza asali. Mwisho miguu ikajaa maji, uso ukafura, pumzi ikakata, na siku tuliyompakia kwenye bajaji mimi na Mama Sada alikuwa bado anamwelekeza dereva kwamba breki zake ni daraja la pili.

Hapo ndipo akaingia kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilidhani sasa atanyenyekea. Wapi. Ndani ya muda mfupi alikuwa ameshawapanga wauguzi wote kwa namna wanavyochoma sindano, na kitanda anachotaka yeye ni kile cha dirishani. Lakini nitasema na hili, kwa sababu nililiona kwa macho yangu na sijui nilitie wapi. Jirani yake wa kitanda alikuwa dada mmoja kutoka Nzega, mwembamba, mkimya. Siku moja Mteuzi alirudi kutoka hospitali, akapita mbele ya cherehani yangu bila kuteua chochote. Nikamuuliza kulikoni. "Kitanda cha jirani kimekaa kitupu leo," akasema. Akaingia ndani, hakula. Mama Sada aliniambia kesho yake kwamba alilia. Wiki iliyofuata kitanda kikapata mtu mwingine, na Mteuzi akamteua mtu huyo kuwa mlalamishi.

Mtu pekee ambaye sikuwahi kumsikia akimtaja daraja ni binti yake, Sada. Alimzaa akiwa mtu mzima, na baada yake hawakupata mwingine. Sada alipokuwa anasoma, baba mtu alimsindikiza shule amemshikia viatu mkononi, binti anatembea na kandambili, ili viatu visishike vumbi kabla ya paredi. Mteuzi mzima, mtu aliyewatetemesha wakulima, amebeba viatu vyeusi vya msichana. Nilimcheka wakati ule. Sada alikua, akaolewa, akawa anachukua mchele Igunga na kuuza sokoni hapa mjini, ana watoto wawili wadogo na mume dereva wa lori ambaye haonekani sana. Nami ananiita mama mdogo.

Sada ndiye aliyekuja barazani kwangu asubuhi moja, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akasema, "Mama mdogo, nimeamua. Nampa baba figo yangu."

Alinieleza yote. Dodoma siku hizi wanapandikiza, damu zao zimelingana, vipimo vyake yeye vya mwanzo vimekwenda vizuri, mumewe amekubali kwa shingo upande. Aliongea haraka haraka, mikono imekumbatia tumbo, na niliona wazi kwamba anaogopa na kwamba hatarudi nyuma. Nikamuuliza baba yake amesemaje. Akatabasamu. "Amesema figo yangu ataipokea."

Ataipokea. Nilishona mishono miwili mibovu mfululizo nikaifumua.

Sasa niseme habari ya suruali, maana nguo hazinifichi kitu. Mteuzi alivaa kaki maisha yake yote, kaki ya rangi ya mchanga, mkunjo mbele umenyooka, na mimi ndiye niliyemshonea tangu alipohamia. Kipindi hicho hicho cha habari za figo akaniletea kitambaa cha kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Suruali tatu. Nikamuuliza tangu lini anavaa giza. Akasema kaki imeshuka ubora. Nikampima kiuno, alikuwa amekonda, hilo nilitarajia. Ambacho sikukitarajia ni kwamba aliomba nimwekee kitambaa cha pili ndani, mbele, kinachonyonya maji. Akasema mashine imemlegeza. Basi nikashona.

Siku chache baadaye Mama Sada alikuja kuazima pasi, akasimama nayo mkononi bila kuondoka. Nikamwambia aketi. Akaniambia mumewe anakojoa damu. Mkojo wenyewe ni mchache, alisema, kama wenzake wengi wa mashine, lakini ukitoka unatoka mwekundu, na wakati mwingine na mabonge. Si jana wala juzi. Tangu hata kabla ya mashine alikuwa anaona, ukaja ukaacha, ukaja ukaacha, na kila ulipoacha akasema umepona. Amemkataza mkewe asimwambie mtu. Nguo zake za ndani anazifua mwenyewe, bafuni, mlango amefunga.

"Na hospitali wanajua?"

"Wamemuuliza mbele yangu. Daktari alisema, Mzee, mkojo una rangi gani? Akajibu, ya kawaida."

Nikaweka mkasi chini. Mtu yule, ambaye kwa rangi tu alijua jani limekaa siku moja zaidi kwenye bani, banda la kukaushia, aliulizwa rangi moja ya mkojo wake akasema ya kawaida.

Jioni ile nilivuka barabara. Alikuwa barazani, sigara mkononi, miguu juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sikuzunguka. Nikamwambia Mzee, nimesikia, na ile suruali niliyokushonea sasa naielewa. Akavuta moshi taratibu, akanitazama kwa yale macho ya ghalani.

"Kichocho," akasema.

"Kichocho cha uzee?"

"Mama Kulwa, wewe mtu wa Ipole, wa nyuki na misitu, hujui maji. Sisi tuliokulia kwenye majaruba ya mpunga Igunga, wote tulikojoa damu. Kijana asiyekojoa damu tulimcheka, tulimwambia bado hajakomaa. Ni kitu cha kwetu. Kinakuja, unameza dawa, kinakwenda."

"Umemeza?"

"Nimenunua, nimemeza, mara mbili."

"Na kimekwenda?"

Akakung'uta jivu la sigara. Nikamwambia basi awaambie madaktari hicho kichocho, kama ni kitu cha kawaida kuna ubaya gani kukisema. Hapo akapoteza upole. Akasema kule kwenye mashine watu wanazungumza. Mwenzao mmoja alikuwa amepata ndugu wa kumpa figo, wakamkuta na uvimbe mahali, wakamfuta. Ukiwa na ugonjwa wa aina ile hawakuwekei figo, wanakwambia utibu kwanza, usubiri, na kusubiri kwenye mashine si kusubiri kwenye kiti. "Mimi sina muda wa kusubiri," akasema. "Nikipata figo, damu itakoma yenyewe. Figo mbovu ndizo zinavuja."

"Na kama sizo? Sada atapasuliwa, figo yake itawekwa kwenye mwili unaooza kwingine, nawe ufe nayo. Halafu yeye abaki na moja na watoto wawili. Umelifikiria hilo?"

"Shona nguo, Mama Kulwa," akasema.

Nilirudi kwangu. Robota la baba yangu lilikuwa na jani moja bovu katikati na alilianika mbele ya Ipole nzima, na sasa yeye mwenyewe amepanga majani mazuri juu, salamu nzuri, kitanda cha dirishani, rangi ya kawaida, amelala na ukungu wake katikati akisubiri kuuzwa kwa bei ya juu kwa mtoto wake wa kumzaa. Nilimdharau usiku ule kwa namna ambayo sijawahi kumdharau mtu. Na ninajua mtu akiogopa kufa anakuwa kitu kingine. Nilijua hata wakati ule. Haikunipunguzia chochote.

Alfajiri nilimfuata Mama Sada uani. Nikamwambia: ama umwambie mwanao wewe, ama nimwambie mimi, na ukimwambia wewe itakuwa na heshima zaidi. Alilia akiosha sufuria. Hakuniahidi. Safari ya Dodoma ilikuwa kesho kutwa yake, Sada na baba yake kwa basi, mimi nikabaki na cherehani yangu nikishona sare za shule na kuharibu kola.

Walirudi mapema kuliko ilivyopangwa. Sada alishuka kwenye bajaji ameshika mikoba yote miwili, anatembea wima, hana jeraha. Mteuzi alishuka nyuma yake ameegemea mlango. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa barazani kwake kumjulia hali, nami nilisikia kila neno kwa sababu alihakikisha linasikika.

Alisema hivi. Kwamba walifika, wakapokelewa vizuri, na yeye akamwita daktari pembeni. Akamwambia, Daktari, mimi nina damu kwenye mkojo, siwezi kuchukua figo ya binti yangu kabla hamjatazama. Wakatazama, wakaingiza kamera mpaka kwenye kibofu, wakakuta uvimbe. Saratani. Basi figo haiwezekani. "Afadhali mimi," akasema, na sauti ikamkatika mahali panapofaa. "Mtoto wangu amerudi mzima."

Watu walipangusa macho. Imamu, yuleyule aliyeshushwa daraja kwa kukohoa, akamwombea dua ndefu. Mzee mmoja akasema baba wa namna hii ni wachache. Nami nikakaa ng'ambo ya barabara mguu uko kwenye pedeli, cherehani haiendi.

Nilimngoja Sada siku mbili. Alipokuja nilifunga mlango nikamwambia, hebu niambie mimi.

Akaniambia. Mama yake alimwambia usiku wa kuamkia safari. Akapanda basi anajua. Akajisemea, nitamwacha aseme mwenyewe, nampa nafasi. Wakapita Nzega, wakapita Igunga, baba akamwonesha dirishani majaruba aliyochezea utotoni, akamsimulia habari za mpunga. Sada akangoja. Singida wakashuka kula, baba hakula, Sada akangoja. Wakalala Dodoma kwa shemeji wa mumewe. Asubuhi wakaingia kwa daktari wote wawili, na daktari akauliza, Mzee, kuna tatizo lolote kwenye njia ya mkojo, umewahi kuona damu?

"Akasema hapana, mama mdogo. Nimekaa hivi, yeye amekaa hivi, mkono wake uko juu ya goti langu. Akasema hapana."

"Ukafanyaje?"

"Nikasema mimi. Nikasema, anayo, miaka."

Daktari hakumfokea, Sada alisema. Alieleza tu. Kwamba mtu ambaye figo zimekufa huwa karibu zaidi na saratani za njia ya mkojo kuliko mtu mwingine, na huyu ana sigara za maisha yote juu yake, na kile kichocho cha utotoni ambacho hakikutibiwa vizuri nacho kinaweza kukiharibu kibofu polepole kwa miaka. Kila sababu aliyoitumia kutojali ilikuwa sababu ya kwenda kupimwa. Angesema damu ilipotoka mara ya kwanza, pengine wangeukwangua uvimbe kwa kupitia njia ya mkojo tu, wakamwangalia muda, akabaki safi, na figo ikazungumzwa baadaye. Sasa umeingia kwenye ukuta wa kibofu. Kupandikiza figo haiwezekani, kwa sababu dawa za kuifanya figo ngeni ikubaliwe zinalegeza kinga ya mwili, na saratani ingetambaa bila kizuizi. Na ile dawa kali ya saratani wanayoitegemea kwa wengine inahitaji figo nzima za kuitoa mwilini, ambazo hana. Ugonjwa mmoja unazuia tiba ya mwingine. Watampa tiba nyepesi na mionzi, watamsaidia maumivu.

Nikamuuliza Sada sasa mbona amewaacha watu wamlilie baba yake kwa uongo. Nilikuwa na hasira naye pia, nakiri. Alikuwa anakunjakunja ncha ya khanga.

"Mwache, mama mdogo. Hana kingine kilichobaki. Na akikuuliza nimekwambia nini, mwambie nimesema alisema mwenyewe."

"Mimi nimwambie uongo huo?"

"Kwa ajili yangu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miezi ikaenda, tiba zile nyepesi zikafanya zilivyoweza, ambavyo si vingi. Aliendelea kwenda kwenye mashine. Aliacha sigara siku ambayo hakuweza tena kuinua kiberiti, na kuna watu walimsifu hata kwa hilo. Kisa cha Dodoma kikakua kila kiliposimuliwa. Mara ya mwisho kukisikia, daktari alikuwa amemshika mkono akamwambia hajawahi kuona mzazi kama yeye. Sikwenda kumtazama. Nilipeleka uji kupitia kwa Mama Sada na kuchukua bakuli uani.

Nilikwenda mara moja, mwezi uliopita, kwa sababu Mama Sada alisema ananiita. Wamemhamishia chumba cha mbele kwa ajili ya hewa. Alikuwa amelala kwa ubavu, mfuko wa mkojo umening'inia kitandani, na mkojo wenyewe mwekundu kwa kila mtu kuuona. Alikuwa mdogo sana. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, hiyo tu, hakuongeza neno.

Nikaketi. Akaanza kisa cha Dodoma. Alikianza vizuri, wakashuka, wakapokelewa, akamwita daktari pembeni. Nilikuwa nimeyabeba maneno tangu siku ile ya mtaa mzima barazani, na ya baba yangu chini yake. Nilifungua mdomo. Akanitangulia. Alinyamaza katikati ya sentensi, akauliza, bila kunitazama:

"Sada amekwambia nini?"

 Kusema kweli nilitamani kumwambia. Nilitaka aone kwamba yupo mtu mmoja anayejua.

"Amesema ulimwambia daktari mwenyewe," nikajibu. "Hata kabla hujaulizwa."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Nilidhani atafurahi. Midomo ikaanza kumcheza. Akajaribu kugeukia ukutani na mrija haukumruhusu, akabaki ananitazama, machozi yanaingia sikioni kwa jinsi alivyolala, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Sikumfutia. Nje nilimsikia Sada akizungumza na mama yake jikoni, habari za chumvi, kwamba isizidi kwenye chakula cha baba.

"Mama Kulwa," akasema. "Ningeichukua."

"Najua."

"Figo yake. Wangenipa, ningeichukua."

"Najua, Mzee," nikasema.

Sada akaingia na bakuli, akamwinua kichwa, akaanza kumlisha. Alikula chote.